Ya Tatu ni ya Septemba

Easkey, mwishoni mwa Februari

Mpendwa mdogo wangu Fiachra,

Pokea salamu za nyumbani, ambako upepo wa magharibi umetufungia madirisha wiki nzima. Natumaini wewe na mkeo mu wazima huko Perth, na kwamba jua halijawakausha akili. Mimi ni mzima, na bado nagombana na kila mtu: padri, diwani, na mhariri aliyeikata makala yangu katikati kama mkate. Baba anakusalimu. Habari zake nitazifikia.

Umeuliza ununue suti ya mpira ya kuingilia baharini ya unene gani kwa safari yako ya Septemba, ukaongeza kwamba milimita tatu zinatosha na kwamba suti nene ni za waoga. Nimecheka kwa hasira. Maji ya uvuguvugu yamekusahaulisha ulikozaliwa. Septemba bahari yetu huwa imekunywa jua la kiangazi chote, kwa hiyo hata ya tatu ungevumilia. Lakini Machi, hata jua liwake hadi kondoo watafute kivuli, ndipo maji huwa baridi kuliko wakati wowote wa mwaka. Kila mwaka kuna mjinga anayetazama anga, akavaa nyembamba, kisha vidole vikakataa kushika ubao wa kupanda mawimbi. Halafu baani wanamwita shujaa! Ushujaa huo nimeupinga kwa kalamu na kwa mdomo, na sijamaliza. Baridi haimpi mtu heshima. Inamnyang'anya mikono, basi.

Sasa Baba. Jumamosi nilimpeleka dukani kwa Tiernan, yule aliyekuwa akikutengenezea ubao. Baba alilalamika kwamba suti yake ya milimita tano imekufa, maji yanaingia kama mlangoni, akataka ya sita. Nami nikaunga mkono kwa hotuba ndefu, kwamba mpira ukizeeka hauzuii tena baridi hata kama namba ni ileile. Tiernan akaninyamazisha kwa mkono. Akaikagua mishono, akaivuta huku na huku, akasema haina kosa lolote. Akamwomba Baba aivae.

Ilimning'inia mgongoni kama gunia. Na suti ikishalegea, hata iwe nene kama godoro, maji hupita humo yanavyotaka.

"Mzee Malachy, hii umeiba," Tiernan akamtania. "Ni ya yule jirani yako mnene."

"Huyo jirani nilikuwa mimi," Baba akasema.

Tiernan aliinamisha kichwa, akaenda kutafuta nyingine. Iliyomkaa mwishowe ilitoka kwenye rafu ya watoto wa shule. Fiachra, huyu ni baba yetu, ambaye kwa mgongo wake tulikuwa tukijikingia upepo mimi na wewe pamoja.

Ningekupigia simu, lakini nyumba ni ndogo, na masikio ndiyo kitu pekee cha Baba kilichobaki kizima. Amenikataza kukuambia. Ni saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Daktari anasema kiangazi hatakiona. Nilimjia juu huyo daktari kama ninavyowajia wote, na kwa mara ya kwanza maishani nikashindwa. Baba anashikilia usisumbuliwe; utakuja Septemba maji yakiwa mazuri, mtaingia pamoja, wimbi moja tu. Kila asubuhi anaitundika ile suti ya mtoto karibu na jiko ipate joto, na jioni anaikunja.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: ya milimita tano, yenye kofia, pamoja na viatu na glavu. Tiernan amekuwekea moja. Anakumbuka mabega yako. Wewe njoo tu, Machi hii. Ya tatu ni ya Septemba.

Mbusu mkeo kwa niaba yetu. Baba anakukumbusha ulete nta nzuri ya kupaka ubao miguu isiteleze, maana ya hapa anaidharau. Niliapa mbele yake kwamba sitakuandikia haya. Akaniamini, maskini, yeye anayenijua kuliko wote.

Dada yako,
Dervla