Deki Inayomeza Sidii Tano

Jumanne, 5 Agosti 2025

Deki imeruka tena. Wimbo wa tatu, palepale fidla inapoanza kupanda — kra, kra, kra — kisha kimya. Nilikuwa kwa muuza nazi, mtaa wa pili tu. Nimerudi mbio. Baba alishafika mlangoni, anapapasa ukuta, anaita, "Adila! Adila!" Mwezi wa tatu alianguka hapohapo akavunjika kifundo cha mkono. Tena ule mkono mzima! Wa kushoto ulipooza na kiharusi, macho yalikwenda na sukari. Yamebaki masikio. Na mimi.

Sidii moja ni dakika sabini. Muziki ukilia, Baba hutulia kitandani. Ukiisha, ananyanyuka kunitafuta. Kwa hiyo na mimi nina dakika sabini. Sokoni na kurudi, zinatosha. Msibani, nampa mfiwa mkono na kuondoka. Hospitali, foleni ile? Hazitoshi. Miaka minne sasa sijavuka Bagamoyo hii.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi Majaliwa amekuja nyumbani, maana deki haiwezi kutoka. Kaifungua, kafuta lenzi kwa pamba. Anasema imechoka, labda itasukuma mwezi mmoja. Kisha akaniambia ana deki nyingine dukani, mtumba safi, inameza sidii tano kwa mpigo. Moja ikiisha, inajizungusha yenyewe, inaanza ya pili. Akaisifia sauti — eti nitasikia hadi vidole kwenye nyuzi.

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa napiga hesabu. Sabini mara tano. Saa tano na dakika hamsini! Moyo umenidunda kama mwizi.

Laki mbili na themanini.

Ijumaa, 8 Agosti

Kaka Amin kapiga simu kutoka Dar. Kacheka weee. Nani ananunua deki ya sidii siku hizi? Mtilie mzee flashi!

Nikamkumbusha kile kispika chekundu alicholeta sikukuu ya Idi. Baba alikisikiliza dakika mbili, akasema fidla inalia kama mbu ndani ya kopo. Akageukia ukutani, hata pilau hakula. Mtu kapiga fidla kwenye taarabu miaka thelathini, sidii zote kumi na mbili ni mkono wake mwenyewe — hadanganyiki.

Amin akasema basi pesa yangu ninunue mashine ya ovaloki, ya kupiga kingo za nguo, si ndiyo niliyoiwekea? Kweli. Lakini ovaloki nitaiweka wapi? Chumba cha uani, kando ya cherehani yangu. Nitashona zaidi, nitapata zaidi, na nitakuwa palepale.

"Kaka, mchukue Baba hata mwezi mmoja."

Kasema mtandao unakatakata. Haukukatika. Nilimsikia akihema.

Jumapili, 10 Agosti

Saida! Niliyesoma naye. Ana karakana ya sare za shule Mapinga, anataka mkata vitambaa. Saa mbili hadi saa sita, basi. Jumatatu ya tarehe kumi na nane nianze. "Usipotokea nampa mwingine, shoga yangu, usije ukaninunia."

Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Nimepiga hesabu mara tatu. Inabaki nusu saa nzima!

Umeme usipokatika.

Jumatatu, 11 Agosti

Umekatika. Tangu asubuhi hadi adhuhuri. Baba kaimba mwenyewe, sauti imekauka, mistari mingine kaisahau. Nimekaa naye. Jasho tu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeinunua. Nimefanya hivyo, siwezi kurudi nyuma. Ovaloki ndiyo basi tena.

Majaliwa kaifunga, kaweka sidii ya kwanza. Baba kainua kichwa. Kisha machozi.

"Huyo Bwanaheri. Kwenye ile ngoma ya dumbaki. Sijamsikia hivi tangu tumzike."

Kanishika mkono. "Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Pesa yako yote, kwa ajili yangu."

Nikasema ndiyo, Baba.

Mungu anisamehe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimezungumza na Bi Mize, jirani wa ukuta mmoja. Kakubali kumpa Baba uji saa nne. Umeme ukikatika atakaa naye. Kaniuliza, "Na mwenyewe umemwambia?" Nikasema nitamwambia. Sijamwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nimejaribu. Nimepakia sidii tano, nikamwambia Baba natoka kidogo. Nikashika njia hadi barabara kuu. Ilipofika dakika ya sabini miguu ikageuka yenyewe! Nikaisimamisha kwa nguvu. Nikaketi kituoni, nikanunua soda, nikainywa yote bila kuitazama saa. Magari yanapita. Hakuna anayeniita. Nilitaka kucheka, nikaona aibu.

Nimerudi baada ya muda wa saa tatu. Muziki unalia, Baba kaketi kitandani. Uji umeganda bakulini, hajaugusa.

"Ya kwanza iliisha, hukuja," kasema.

"Muziki si uliendelea, Baba?"

"Uliendelea."

Bi Mize kanivuta uani. Anasema kila deki inapojizungusha kubadilisha sidii, ule mlio — trrr, tak — Baba anageuka mlangoni na kunyoosha mkono. Anadhani ni mimi nimeingia kubadilisha. Anasema, "Adila, umerudi?" Halafu wimbo unaanza. Hakuna mtu.

Nikachukua uji, nikaupasha moto.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia. Kazi, Mapinga, saa sita nimemaliza, saa saba kasoro nipo nyumbani. Kasikiliza kama anayesikiliza ala isiyo na sauti sawa. Hakukataa. Angekataa ingekuwa rahisi, ningegomba!

Kauliza tu, "Kwa hiyo deki ni kwa ajili hiyo?"

Jumatatu, 18 Agosti

Saa moja na dakika tano. Nimemwogesha, nimempa chai na dawa. Nimevaa baibui.

Nilipoanza kupakia kasema, "Weka moja tu, mwanangu. Ikiisha utaniwekea nyingine." Taratibu, kama anayeomba maji. Nimeweka tano. Kila moja ilipogonga ndani ya deki alikunja kidole, mpaka kiganja kikafumba.

Nimebonyeza. Nimebeba mkoba. Nimefika mlangoni.

"Adila. Wimbo huu kuna mahali nilikosea. Miaka yote hakuna aliyejua, hata Bwanaheri. Njoo nikuoneshe."

Hajawahi kuniambia hilo! Baba yangu, kukosea!

Naandika kando ya kitanda chake, mkoba begani. Saida kapiga mara mbili, sijapokea. Gari la saa moja na robo limeshaondoka. Lipo la saa moja na nusu. Wimbo wa kwanza umeisha, wa pili umeanza.

"Bado," anasema Baba. Kanishika upindo wa baibui. "Inakuja. Sikiliza."