Alama ya Kijani Kwenye Redio

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Wanaume wakipita makaburini wanakusalimu kwa mdomo. Sisi wanawake hatufiki huko, basi mimi nakusalimu kwa kalamu. Usinicheke. Miaka yote nafundisha watoto wa watu kuandika barua kule Tibirinzi, Chake Chake, na wewe sikukuandikia hata moja. Ya nini, na kila Ijumaa jioni nikishuka garini kwetu Kengeja nilikukuta umekaa barazani unanisubiri huku unajifanya hunisubiri?

Miezi mitatu imepita. Mama bado yumo edani, zimebaki siku thelathini na kitu. Haendi popote. Anasali, anasuka ukili wake, anaangalia mlango. Bi Mize jirani analala naye na kumwendea sokoni. Ule mbuzi mweusi amezaa, wawili, wazima wote. Lakini nakujua, ungeuliza redio kabla ya mbuzi, kwa hiyo nakwambia.

Redio yako imekufa, Baba. Tumeiua sisi, na tumeiua kwa heshima.

Unajua mwenyewe sheria uliyotuwekea. "Redio haiguswi." Mimi mtoto wako wa pekee, uliyenipa kila kitu, redio hukunipa. Nilikuwa naruhusiwa kupangusa vumbi juu yake tu, na hata hapo ulisimama karibu. Basi ulipoondoka, Mama aliifunika kitambaa cheupe alichodarizi mwenyewe, akaiacha palepale juu ya kabati. Hakuna aliyeigusa. Wageni wa hitima waliipisha njia kama mzee aliyelala. Na betri zilikuwemo ndani. Wewe zikichoka ulikuwa ukizitoa, ukizipanga juu ya ukuta wa kisima zipigwe jua zipate nguvu, ukizirudisha mchana kabla ya matangazo ya vifo. Sisi tuliziacha humo wiki baada ya wiki, zikavuja, zikala nyaya zote. Nilipokuja kufungua mfuniko wake wa nyuma nilikuta maji maji na kutu ya kijani. Fundi wa Chake aliiangalia, akaniambia nimpe pole mwenye redio.

Nikaibeba nikarudi nayo.

Na jambo jingine linaniuma, bora niseme. Ulinituma. Mwaka jana, tukila muhogo pale jikoni, ulisema, "Niangalilie hizi redio za kisasa, za namba. Mshale wangu ushachoka kutembea." Nikasema inshallah, mitihani ikishapita. Mitihani ikapita, nikasema Ramadhani ikimalizika. Ramadhani ikamalizika, nikasema karafuu zikianikwa. Hukunikumbusha hata mara moja. Ungenigombeza, Baba. Ingekuwa nafuu kwangu leo.

Ningeendelea kuahirisha, labda, kama si Bi Time. Yule rafiki yake Mama wa Wingwi, aliyesoma naye chuo cha Kurani wakiwa wadogo, aliyekuwa akimletea bizari na maneno kila akija. Amefariki, Allah amrehemu. Kifo kilitangazwa redioni mchana, kama desturi, na ukishatangaziwa redioni umeshaarifiwa, hakuna tena mtu wa kukupigia hodi. Watu wa Wingwi walijua Mama amesikia. Bi Mize alisikia kwake, akajua Mama amesikia, akaogopa kumtonesha kidonda. Nani angefikiri kwamba nyumba yako, Baba, nyumba iliyokuwa ikisikia msiba kabla ya jirani wa marehemu, haina redio?

Mama alijua siku ya nne, hitima imeshasomwa. Nilipofika Ijumaa nilimkuta amegeukia ukuta. Hakuwa analilia kwenda, maana eda haimruhusu. Alisema, "Wangu wazikwa, na mie nakaa hapa nasuka ukili." Angenituma mimi. Angetoa sanda, angesoma Yasini yake siku hiyohiyo. Nikaapa wiki ile ile ataisikia redio.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Kesho yake nilikwenda dukani Chake na haraka, na hatia, na viwili hivyo havinunui kitu kizuri. Muuzaji alinipangia redio kumi juu ya meza. Hii ina tochi, hii ina sola, hii inachukua fleshi na memori kadi, hii unaiunganisha na simu. Moja ilikuwa na spika kubwa na taa zinazozunguka, nyekundu, buluu, kijani. Bei yake haikunitisha. Aliifungua kwa muziki, duka zima likatikisika. Nikasema ndiyo hii, Baba alistahiki kubwa, na Mama atapata kubwa.

Sikiliza yaliyotokea. Nimeiweka juu ya kabati, nikabonyeza ile ya kutafuta stesheni yenyewe. Ikatafuta. Ikaruka yetu kwa kuwa kule bondeni kwetu inafika kidogo, ikakamata za ng'ambo zenye nguvu, na ya kwanza ilikuwa muziki wa harusi, sauti ya mwisho, taa zinazunguka ukutani. Kwenye nyumba ya eda, Baba! Natafuta pa kupunguzia, nabonyeza hiki, sauti inapanda. Bi Mize alikuja mbio na mwiko mkononi. Watu wawili walisimama njiani. Mama alikaa juu ya mkeka wake mpaka nilipong'oa waya, kisha akasema, "Redio hino haina adabu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua wewe ungecheka mpaka kofia ianguke, kisha ungesema lile neno lako, ambalo mimi mwalimu mzima nilikuwa nimelisahau: "Redio ijaribu kwa taarifa ya habari. Muziki huficha ila zake." Kweli kabisa. Kila redio ni hodari kwa ngoma. Mpe mtu asome majina ya marehemu na wafiwa, ndiyo utajua kama hiyo ni redio au ni kopo.

Jumatatu nikairudisha. Yule muuzaji ni muungwana, alikubali nibadilishe. Safari hii niliziomba zote zifunguliwe kwenye mtu anayezungumza, na nikasogea nazo nyuma ya duka, penye giza na mabati, ambako inashika kwa tabu kama kwetu. Nane zilikuwa zinakoroma. Mbili zilisema vizuri, lakini moja haikubali betri za kawaida, inataka chaji tu, na umeme wetu unaujua. Nikabaki na moja. Ndogo, nyeusi, sura haina. Ina kioo cha namba, na vitufe vya kuhifadhi stesheni: ukishaiwekea namba, kesho unabonyeza kitufe kimoja tu na inakwenda yenyewe, haitafuti, haitangitangi. Haina taa za kuzunguka. Inakula betri nne kama ile yako. Na ilikuwa rahisi kuliko ile ya harusi. Muuzaji aliniona kama mtu aliyechagua mbuzi kilema. Nilimwambia, hii ndiyo anayoitaka Baba. Nilisema hivyohivyo, "anayoitaka."

Nikaja nayo Ijumaa. Nilipanda juu ya paa, nikauvuta ule waya wako wa shaba ulioufunga kwenye mshelisheli, nikaupitisha dirishani kwa antena. Nikaandika namba za stesheni yetu kwa mkono, nikazihifadhi kitufe cha kwanza. Sauti ikaja safi, mtu anasoma habari kama amekaa chumbani. Nikaizima. Nikamwita Mama, nikamwonyesha: hiki cha kufungulia, hiki cha kwanza, basi. Jaribu.

Akaweka mikono yake chini ya kanga. Akasema, "Redio ya baba'ako haiguswi."

Nikamwambia hii si ya Baba, ni yako. Akatikisa kichwa. Nikambembeleza. Nikamweleza mara ya pili, mara ya tatu, polepole kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka nikachoka, na mimi hasira zangu unazijua nimezitoa wapi. Nikasema, "Mama, Baba keshakufa. Nani atakugombeza?"

Baba, nisamehe. Lile neno lilitoka na sikuweza kulirudisha. Wewe hukuwahi kumgombeza, na mimi ndiye niliyekuwa namgombeza pale pale.

Nilingoja alie. Akacheka. Mara ya kwanza tangu siku ile, alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba'ako anigombeze kwa redio? Redio ile mie nikiifungua kuliko yeye."

Nikakaa chini.

Akanisimulia. Kila ukienda shamba, unavuka kijito tu, yeye anaifungua. Anasikiliza mashairi, mafunzo ya mapishi, hata mpira. Kisha kabla hujarudi anaurudisha mshale pale pale ulipouacha, anaizima, anaifunika. Miaka, Baba. Mimi niko skuli, najua redio haiguswi, kumbe inaguswa kila siku. Akasema siku moja aliusahau mshale kwenye mpira. Ukarudi, ukaifungua kwa ajili ya vifo, ukakuta watu wanapiga kelele za goli. Hukusema kitu. Ulisogeza mshale, ukasikiliza vifo, ukasali. Kesho yake alipoifungua alikuta, kwenye kioo, penye stesheni yetu, nukta ndogo ya rangi ya kijani. Rangi ile ya mlango wetu.

Mimi miaka yote nilijua umejiwekea mwenyewe. Mama akasema, "Baba'ako ataka alama ya nini? Yeye akiitafuta kwa sikio, hata macho kafumba. Alama ile kaniwekea mie, nisipotee kurudi." Na hamkuzungumza. Yeye hakushukuru, wewe hukuuliza. Kila siku aliurudisha mshale kwenye ile nukta, na kila siku ulikuta umekaa sawasawa, na betri zimeisha nguvu, na ulizitoa tena juani ukilaani wafanyabiashara wa betri kwa sauti kubwa ili asikie.

Basi nikamuuliza kwa nini sasa hataki. Akaokota ukili wake. Akasema, "Nikiifungua nikijua atarudi. Sasa nikiifungua, nimrudishie nani mshale?"

Nililaza kichwa changu mapajani mwake kama mtoto, mtu mzima mimi, tukalia sote wawili, na Bi Mize aliyekuwa ameleta chai akairudisha jikoni.

Asubuhi, Mama akiwa anasali Dhuha, nilikwenda bandani nyuma ya nyumba. Kopo la rangi ya mlango lipo palepale ulipoliacha, chini ya mapakacha. Rangi imekauka, imekuwa jiwe juu. Nikaichoma kwa msumari, chini nikapata tone bichi. Nikalichukua kwa kijiti cha kibiriti. Nikaweka nukta moja kwenye kitufe cha kwanza, nikairudisha redio juu ya kabati, nikaifunika kitambaa chake, nikaondoka zangu kurudi Chake. Sikumwambia chochote. Nimejifunza kwako, ingawa nimechelewa.

Wiki nzima sikusikia habari. Nikipiga simu ananiuliza kama nimekula.

Jana nimefika. Nilipitia uani kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Na juu ya ukuta wa kisima, Baba, zimepangwa betri nne, zimelala juani, zimeachana kidogo kama ulivyokuwa ukizipanga wewe. Zimeisha nguvu kwa wiki moja. Nilisimama pale nikazitazama mpaka Mama akaniita.

Hakutaja nukta, nami sikuitaja. Alikuwa amenitayarishia kanga nyeusi na bahasha, na maneno yake yalikuwa haya tu: "Mkwewe Bi Time kafa, kazikwa leo adhuhuri. Wende Wingwi kesho mapema, uwakalie. Waambie nimesikia."

Baba, lala salama. Allah akupanulie kaburi lako, alitie nuru, atukutanishe penye kheri. Nakuahidi betri hazitovuja tena ndani ya nyumba yako. Nakuahidi kila msiba atakaousikia Mama edani, mimi nitaufikia kwa miguu yangu, na akitoka eda nitampeleka mwenyewe. Na nikirudi siku moja nikaikuta redio iko kwenye mpira, nitabonyeza penye kijani, nisikilize vifo, nisali. Sitouliza kitu.

Binti yako,
Salma

Sasa naondoka kwenda Wingwi. Mama anasema betri zimeshapata jua la asubuhi, nisaidie kuzirudisha. Namuacha azirudishe mwenyewe.