Ukili Wako Nimeukata

Somo yangu Bi Mwanahawa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana wewe ndiye uliyenicheza unyago, na ulinifundisha kwamba salamu haiachwi ikaning'inia. Naandika kwa herufi zile zile za Kiarabu za chuoni ulizokuwa ukizicheka kwamba zinatambaa kama siafu. Nimekaa barazani kwako, hapa hapa Kivinje. Mji umepoa. Wanasema boma la serikali linahamia Masoko, na wenye maduka wameanza kufunga mizigo. Lakini la boma walijue wenyewe. Mimi lililonikaa kooni ni mkeka wa Zainabu.

Mkeka wa harusi ya binti yako uliuacha hata haujaanza kushonwa. Kulikuwa na ukili wako mmoja tu, utepe mmoja wa kushonea mkeka, mweusi wa rangi ya mdaa na mweupe, chane za ukindu za mwishoni zimeachwa wazi. Ilipopita arobaini, wanawake wa mtaa wakasema mtoto hataolewa bila mkeka, mama yake alikuwa msusi. Kila mmoja akasuka ukili wake, akaniletea nishone, maana ufundi huu nimeupata kwako. Walikuja na mapenzi yao yote, na hapo ndipo palipoharibika. Kila mmoja alileta ule wa kuwashinda wenziwe. Huyu kijani, yule nyekundu. Mke mwenzio Bi Hadija akaleta wa zambarau, rangi ya pakiti kutoka dukani, inawaka mpaka macho yanauma. Wako nikauweka katikati, peke yake, kwa heshima.

Nilipoutandika uani nikaona haya. Kila ukili mzuri, mkeka mbaya. Ulikuwa kama matanga ambayo kila mtu analia kilio chake.

Zainabu akautazama, akasema, "Zambarau ile itoke. Mimi simlalii Bi Hadija." Naye Bi Hadija yuko jikoni, anasikia. Akazidi kupuliza moto. Tangu siku hiyo hawali sinia moja. Nikiutoa ukili ule, nyumba yako imevunjika. Nikiuacha, nimemwoza mwanao kwa fedheha. Ningekuuliza nani, somo? Nilikukasirikia, nakwambia kweli. Mtu anakufaje katikati ya kazi?

Nikakumbuka mkeka wangu wa kwanza, ule niliotia kila rangi iliyokuwa chunguni. Hukunigombeza. Ulifunika nusu kwa kanga yako, ukatazama, ukafunika nusu nyingine, ukaniuliza, "Hizi mbili zinajuana?" Nikanuna kutwa. Tena ukasema, "Rangi ikija mara moja ni mgeni. Ikirudi ni mwenyeji." Na ulipoona nimejaza nakshi tele: "Mwali, lipe jicho mahali pa kukaa kitako."

Basi nikafumua mkeka wote. Nikasuka kili nyeupe tupu, upana sawasawa, za kukaa kati ya kelele na kelele. Zambarau nikaikata, nusu ikaenda upande huu, nusu upande ule. Kijani hivyo hivyo, na nyekundu. Nikafunika kwa kanga kama wewe, nikatazama. Zikaanza kujuana. Ila wako pale katikati ulikataa. Niliugeuza, nikausogeza, wapi. Nimekuheshimu mpaka nimekufanya mgeni kwenye mkeka wa mwanao.

Nilishika kisu nikakiweka chini. Ndio vidole vyako vya mwisho vile, somo. Vingine vimeoza. Nisamehe kusema hivyo. Nikalia, kisha nikaukata, nikakutawanya mkeka mzima, kipande kila penye rangi inayogombana na jirani yake. Kimoja kimelala ubavuni mwa zambarau. Na zambarau ikatulia, wallahi, kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Bi Hadija alipouona aligusa pale mlipolala pamoja, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Zainabu akauliza, "Wa mama uko wapi?" Nikamwonyesha hapa, na hapa, na pale. Akanitazama. "Umemkatakata mama." Akaingia ndani. Nikimsalimu sasa anageukia ukutani. Mkeka umepatana, wenyewe bado, na usingizi sina. Labda mtoto alitaka mahali pamoja tu pa kuweka mkono aseme mama yuko hapa, nami nikamnyima kwa ajili ya uzuri.

Kile kipande cha mwisho, chenye chane ulizoziacha wazi, sikukishona. Nilikiweka mlangoni kwake pamoja na ukindu mbichi na bakuli la maji ya kulowekea. Unamjua, hakutaka kujifunza hata siku moja, alisema ukindu unachoma vidole. Leo asubuhi nimekuta kimeingizwa ndani, na bakuli pia. Huenda anasuka. Huenda amekikumbatia tu, na bakuli kaliondoa kuku wasilimwage.

Somo, Mungu akupe kivuli huko uliko. Ahadi yangu ni hii. Mkeka una pindo pande tatu. Upande wa nne sitaufunga mimi, wala simpi fundi mwingine. Harusi ni Ijumaa, na kama hajawa tayari utatandikwa hivyo hivyo, wazi, waseme watakavyosema. Atakapokuja na ukili wake, hata uwe umepinda, ndio utakaokuwa pindo. Bi Hadija amekwisha kuniambia kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayemshikia ncha ya pili.

Mwali wako,
Mwanaidi