Nilimwita Mbwa Wetu, Ufuo Mzima Ukakimbia

Mpendwa Shangazi Zuena, nisaidie haraka, kwa sababu simu yangu ikilia tu naifunika kwa blanketi, na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mke wa polisi hapa Kiganjo, na juzi mume wangu Seth alinyimwa likizo akatutuma Mombasa mimi na watoto, pamoja na mbwa wake anayempenda kuliko hata mimi, anaitwa Papa, watoto ndio walimpa jina hilo kwa kuwa anakoroma kama baba yao, na hoteli tuliyofikia ufuoni ikamkubali mradi niandike nambari yangu ya simu getini, nikaandika. Mchana Papa akakata kamba akaingia baharini, na mimi ni mtu wa Gakindu, maji niliyozoea ni ya mto, nikaogopa atabebwa, nikapiga kelele, "Papa! Woi, Papa ako kwa maji!" Shangazi, watu wote wakaanza kukimbia! Wanaume wazima wanakanyagana kwenye mchanga, mlinzi akanijia mbio, "Mama, papa yuko wapi?" nami nikamwonyesha kwa kidole, "Si huyo hapo, nyuma ya shosho!" Yule nyanya akageuka, akapiga yowe, akaanguka vibaya. Nikasikia mtu akisema polisi waitwe, nikashika watoto tukatoroka, Papa tukamwacha majini.

Mpaka leo sijui niliwafanyia nini wale watu. Kuna nambari ngeni inanipigia asubuhi na jioni, nimekuandikia hapa chini, siipokei, nadhani yule nyanya amekufa na wananitafuta, tena watakaotumwa kunishika ni wenzake Seth. Yeye nimemdanganya kwamba Papa yuko kwa dada yangu Wangechi kule Kiriaini, na Jumamosi anataka kwenda kumchukua. Gari likisimama nje najificha jikoni. Nifanye nini?

Mwenye Hofu, Kiganjo

Mwenye Hofu,

Pole, mama. Vuta pumzi kwanza. Huko Pwani nilikozaliwa, papa ni yule samaki mkubwa anayeuma watu, ambaye ninyi wa huku mnamwita shaki. Sasa rudia polepole maneno uliyopiga kelele, hasa yale ya nyuma ya shosho. Umeona? Hata mimi ningekimbia, na magoti yangu haya.

Kumwita mbwa kwa jina lake si kosa. Kosa ni kumwacha bibi wa watu mchangani bila hata pole, kisha ukaja kumdanganya mumeo. Hapo umeniudhi. Uongo wako wa Kiriaini mwisho wake ni Jumamosi, kwa hiyo mwambie Seth leo, akishakula. Atafoka. Mwache afoke.

Ile nambari nimeipigia mwenyewe. Ni ya Shakir, yule mlinzi. Bibi aliteguka kifundo cha mguu, yuko kwake, na akisimulia kisa hicho anacheka mpaka machozi. Hata hivyo utampigia umtake radhi kwa kinywa chako.

Shakir hakutafuti akushtaki. Mbwa wenu alitoka majini mwenyewe, amefungwa kivulini nyuma ya jiko la hoteli, analala akitazama geti na chakula hagusi. Wamemwita Simba, wamemwita Tomi, hainui hata sikio. Jina lake nalijua, lakini sikulisema, hiyo ni kazi yako.

Simu ikilia leo, pokea, umtajie Shakir jina hilo. Ila mwambie alitamke polepole, na mbali na maji.