Mara Nane Nilijipaka Mafuta

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Moyo wangu uko chini. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo, shajara yangu, unisamehe sentensi fupi.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba hata kine, yule anayenitibu bega, amenikatia tamaa. Leo nimejua kwamba nilimsingizia. Aliyeharibu ni mimi.

Nianze mwanzo.

Bega la kulia liliniharibika miaka minne iliyopita, maji ya ziwa yalipopanda mpaka mtaani kwetu. Niliibeba begani mashine ya kushona ya marehemu mama, peke yangu, kwa ubishi tu, maana baba watoto alikuwa ameniambia nimngoje. Mashine ipo na inashona. Bega ndilo halikurudi. Tangu siku hiyo maumivu yanashuka kutoka shingoni hadi katikati ya mgongo, mchana na usiku, na mkono haupandi kupita kidevu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano. Nimesimama mbele ya ubao miaka ishirini na miwili. Siku hizi naandika nusu ya chini tu, na watoto wa nyuma wanasimama ili wasome. Direkta wetu ni mtu mwema, lakini amechoka kunivumilia. Ameniambia kwamba baada ya Noeli, kama mkono bado haupandi, atanitoa darasani na kuniweka biro, ofisini kwake, nipange karatasi. Wenzangu wanasema nina bahati, sitapoteza kazi. Wao hawajui. Biro iko ukuta mmoja na darasa langu, na nitakuwa nikimsikia mtu mwingine akiwafundisha watoto wangu kila asubuhi. Sijui kama nitaweza kuvumilia hilo.

Nimemeza vidonge, nimechomwa sindano, nimeombewa mpaka mchungaji akachoka. Mama mmoja wa mtaani alinikanda kwa mawese ya moto miezi miwili. Ilikuwa raha akinikanda, akimaliza basi.

Ndipo nikapelekwa kwa Dokta Kasongo. Si daktari, ni kine, mtu wa kutibu viungo kwa mikono, lakini hapa kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni Dokta. Ni kijana, sawa na mdogo wangu wa mwisho. Ana chumba kidogo nyuma ya kituo cha afya. Siku ya kwanza alinieleza kwamba chini ya ngozi kuna utando mweupe unaofunga nyama yote ya mwili, ule ule tunaoutoa kwenye nyama ya mbuzi kabla ya kuikata. Wangu umekakamaa na kushikana, ndiyo maana bega halisogei. Yeye hakandi nyama. Anaikamata ngozi kwa ncha za vidole na kuivuta polepole, mahali pamoja kwa muda mrefu, mpaka utando uachie.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka shuleni moja kwa moja, nimenyeshewa, ngozi imepauka. Niliona haya mpaka nikafumba macho. Vidole vyake viliniunguza kama pilipili kwenye kidonda. Lakini usiku ule nililala ubavu wa kulia, mara ya kwanza kwa miaka minne. Asubuhi niliandika tarehe juu kidogo kuliko kawaida, na watoto wakapiga makofi.

Mara ya pili nikajitayarisha. Mama alitulea hivi: mwanamke mzima hatoki nyumbani amepauka, sembuse kwenda kuvua blauzi mbele ya mtu mgeni. Nilioga, nikajipaka mafuta mgongo mzima, baba watoto akinisaidia pale nisipofika. Tena yale mazuri yanayotoka Kigoma, ninayoyatunza kwa ajili ya Jumapili. Nilidhani pia namrahisishia kazi, kwa sababu yule mama wa mawese hakuweza kukanda pakavu.

Mara nane nilifanya hivyo. Mara nane nilirudi vilevile.

Dokta alikuwa akichukua kitambaa, ananipangusa, anashusha pumzi ndefu, kisha anaanza. Baada ya kidogo anapangusa tena. Nami nimelala kifudifudi nikizisikia zile pumzi, nikajiambia kwamba ugonjwa wangu umemshinda. Nilimwonea hata huruma.

Leo, mara ya kumi, nikiwa nimejipaka tena, ameniambia kwamba Jumamosi anaondoka. Wamemhamishia Manono. Alisema akiangalia dirisha, halafu akabaki amesimama na kitambaa chake mkononi, nikaona kuna jambo jingine.

"Mama, unisamehe," akasema. "Kitu kinazuia kazi njo mafuta. Vidole vinateleza, havishike ngozi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Ningesema namna gani? Mama muzima, mwalimu wa watu, amejitengeneza muzuri juu ya kuja kwangu, miye nimuambie asipake mafuta? Ungesema nimekutukana. Nilikuwa nangojea siku moja utakuja mukavu, sawa ile siku ya kwanza."

Wiki tano alikuwa akingojea.

Nilimkasirikia, sitaficha. Kisha hasira ikanirudia mwenyewe. Siku ya kwanza nilipata nafuu, siku ya pili sikupata. Mtoto wa darasa la tano angeuliza ni nini kilichobadilika. Mimi sikuuliza. Mficha uchi hazai, nimewaambia maneno hayo wanawake wangapi walioona haya mbele ya mkunga? Kumbe na mimi nilikuwa nikificha ngozi yangu chini ya mafuta ya Jumapili.

Alimwita mama muuguzi, akaja na beseni na sabuni ya kufulia, akaniosha mgongo kama mtoto. Wakanikausha. Dokta akaanza upya, na safari hii vidole vilishika. Nilipiga kelele. Akaendelea, ukingo wa mfupa wa bega, kisha kwapani, kisha shingoni, bila haraka. Alipomaliza akaniambia niinue mkono. Ulipita kidevu. Ukapita sikio. Ukanyooka juu kabisa, nami nikauangalia kama mkono wa mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Nililia. Dokta alidhani ni furaha.

Nilikuwa nazifikiria zile mara nane.

Nikamwomba aniambie ukweli. Akasema leo utando umefunguka tu. Usiporudiwa tena na tena, utashikana upya baada ya siku chache. Ilitakiwa mara kumi, zote kavu. Kabla hajaondoka imebaki moja tu, kesho saa nane mchana. Hapa mjini simjui mwingine anayefanya kazi hii, na yeye pia hamjui. Kumfuata Manono kwa barabara ile, wakati huu wa mvua, bega langu lingefika limekufa kabisa.

Pikipiki ya kunirudisha nyumbani haikuacha hata shimo moja. Niliposhuka, mkono ulikuwa unafika sikioni. Saa hii unafika shavuni.

Baba watoto amejaribu kunivuta ngozi kama nilivyomweleza. Miaka ya kubeba mizigo bandarini imempa vidole vigumu mno. Alinifinya, nikapiga kelele, tukacheka wote wawili. Halafu nikaona macho yake yamejaa machozi. Yeye ndiye aliyekuwa akinipaka yale mafuta, na amekwisha kuelewa.

Sina tumaini la Noeli. Naliandika hili wazi ili nisijidanganye. Siku moja haiwezi kufanya kazi ya siku nane. Mwezi wa kwanza nitakuwa biro, nikisikiliza ukutani.

Kesho nitaenda tu. Nitapita katikati ya soko nimepauka kama niliyelala kwenye majivu, na wale mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, waseme watakavyo. Nataka kuuona mkono ule juu mara moja tena.

Ila naijua tabia yangu. Nikitoka kuoga, mkono wa kulia huenda kwenye chupa ya mafuta wenyewe, bila kuniuliza. Kwa hiyo nimemwomba baba watoto aiweke juu ya kabati, kule ambako mkono huo haufiki.