Nani wa Kumsomea Mama Gazeti

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Cobden,
Batley, Yorkshire.
Jumapili, 9 Novemba 1986

Mpendwa Dada Avril,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Gordon na watoto, na kwamba theluji ya huko Winnipeg haijawafungia mlango kama mwaka jana. Goti linaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi, nami ninavyokujua umezipanda siku hiyo hiyo. Sisi hatujambo. Mimi nina kikohozi kidogo cha mvuke wa masufuria pale jikoni shuleni, si cha kutisha. Mama yu mzima, anakula, anagomba. Macho tu ndiyo yamekwisha. Sasa anatambua mwanga wa dirisha na wa taa, basi.

Ahsante kwa barua yako na picha za mjukuu. Nilimweleza Mama kila picha, mpaka rangi ya kofia.

Nina jambo limenikaa kooni, dada, na hapa mtaani sina wa kumwambia. Nitalisema bila kuzunguka: nina wivu. Namwonea wivu wifi yetu Rosalind, mke wa Desmond wetu, na wivu wenyewe ni wa kumsomea Mama gazeti. Cheka kwanza, nitakungoja.

Wajua kwamba tangu macho ya Mama yaanze kufifia, mimi ndiye niliyekuwa nikitoka kazini napitia kwake. Saa kumi kamili nachemsha chai, nakaa kwenye kigoda cha Baba karibu na dirisha la mbele, namsomea gazeti lake. Lile lile alilolisoma maisha yake yote, lile dogo la udaku lenye kichwa chekundu: nani kamwacha nani, mchezaji gani kalewa wapi, nyota zinasemaje, namba za bingo. Saa ile ilikuwa yangu. Wewe uko mbali na unakumbukwa kila siku kwa sababu uko mbali. Desmond ni mtoto wa kiume, anapendwa hata akilala. Mimi nilikuwa na saa kumi.

Basi Rosalind akastaafu ualimu mwezi wa saba. Hata maua ya kuagwa hayajanyauka, akaenda dukani kwa Bwana Pickersgill, akakatisha gazeti la Mama na kuagiza lile kubwa la wasomi, lile ambalo ukilifungua ndani ya basi unamfunika jirani. Akanieleza jikoni kwa Mama, kwa sauti yake ya darasani.

"Glenda, mpenzi, Mama ana akili zake timamu. Tusimlishe takataka."

"Takataka ameila tangu usichana wake na akili bado anazo," nikamjibu.

"Ndiyo tuziokoe zilizobaki."

Nikamgeukia Mama anitetee. Mama akapuliza chai yake tu. "Tujaribu, mwanangu. Rosalind ana nafasi, na wewe unachoka." Yakaisha hapo. Rosalind akakikalia kigoda cha Baba Jumatatu mpaka Jumamosi, mimi nikabakiziwa Jumapili kama makombo ya keki.

Uliondoka hapa zamani lakini watu hawajabadilika. Lile rundo la gazeti la udaku pale kwa Pickersgill huisha kabla watoto hawajaingia darasani, na bado hakuna anayelisoma. Waulize. Bwana Ogden hulinunua kwa ajili ya farasi. Mkewe ni kwa ajili ya bingo. Mtunza kanisa eti ni la kuwashia moto. Yule binti wa ukurasa wa tatu aliyesahau blauzi hajawahi kuonwa na mtu yeyote Batley nzima. Hata mimi hulikunja ukurasa wa mbele uwe ndani. Lakini mwenye gazeti kubwa! Huyo huliacha limening'inia kwenye tundu la barua mlangoni mpaka adhuhuri, ili anayepita aone kwamba hapa wanakaa watu. Rosalind ndivyo afanyavyo, na mvua ikinyesha linalowa huko huko.

Kuna siku tulikuwa foleni moja pale dukani, yeye mbele, mimi nyuma na langu mkononi. Akamwambia Bwana Pickersgill kwa sauti ya kufika barabarani: "Sijui watu wanawezaje kuingiza vitu hivi ndani ya nyumba zao." Foleni nzima ikatazama dari. Mimi nikalisukumia langu chini ya mkate, nikalipa nikitazama peremende. Mwanamke wa umri wangu, dada.

Kilichoniuma zaidi ni Mama kujivuna. Kila aliyegonga mlango alisikia, "Rosalind wangu ananisomea habari za Bunge." Rosalind *wangu*! Mimi niliyemkata kucha miaka yote hii sikuwahi kuwa wake mbele ya wageni. Na kwa kuwa kiti cha Mama kiko dirishani, mtaa wote ulipita ukaliona lile gazeti limetandazwa kama shuka na Rosalind nyuma yake. Bi Ogden akanisimamisha njiani kuniambia, "Mama yenu kapata mkwe, eti." Nikatabasamu mpaka taya likauma.

Faraja yangu ilikuwa moja, nayo nilikuwa nailamba kila usiku kama asali: Mama anachoka. Mama wa kusomewa bei ya chuma na hotuba za mawaziri? Nilijua atavumilia wiki mbili, halafu ataniita. Hakuniita. Alizidi kunawiri. Akaanza kutengeneza nywele. Na Jumapili moja nilipoanza kumsimulia juu ya yule mwimbaji ambaye mkewe kamrushia suruali zake zote kutoka ghorofani, Mama alinimalizia habari mwenyewe, mpaka rangi ya suruali. Nikadhani Bi Ogden kamtangulizia.

Jumatano iliyopita, siku ya mioto na fataki ya kila Novemba, watoto wanazunguka wakiomba kuni, mtambo wa maji moto pale shuleni ulipasuka tukarudishwa nyumbani mapema. Nikapita mbele ya nyumba ya Mama. Dirishani lile gazeti kubwa limefunguka kama kawaida. Nikazunguka mlango wa nyuma. Nimeweka mguu jikoni, nikasikia Mama anacheka.

Si kile kicheko chake cha wageni. Ni kile cha kukohoa na kupiga paja, ambacho sijakisikia tangu Baba atutoke. Na juu yake sauti nene ya mwanamume ikisema, "Nilikwenda chumbani kwake kumwombea tu, Mheshimiwa Askofu." Nikadhani kuna mgeni. Nikachungulia.

Alikuwa Rosalind. Miwani puani, kidevu kimeingia shingoni, anafanya sauti ya kasisi. Kisha akageuza, akafanya ya mhudumu wa baa, nyembamba yenye pua, "Na maombi yenyewe yalikuwa marefu!" Mama mbavu hana. Na ndani ya lile gazeti kubwa, upande wa kwao, limelala gazeti dogo lenye kichwa chekundu. Bunge linatazama barabarani, kasisi anatazama ndani.

"Kumbe!" nikasema.

Rosalind aliiva mpaka masikioni. Alijaribu kulikunja, likaanguka, na yule binti wa ukurasa wa tatu akalala chali juu ya zulia akitutazama sote.

"Glenda, hii ni… nafanya kwa ajili ya Mama."

"Mwongo huyo," Mama akasema, bado anajifuta machozi. "Ya kasisi kairudia mara ya pili kwa hiari yake. Mimi sikumwomba."

"Wewe ulijua?" nikamwuliza Mama.

"Nimekuwa kipofu, Glenda, sijawa kiziwi. Gazeti gani jingine linataja matiti kabla ya chai? Analifuata Dewsbury kwa basi, maskini, Pickersgill asimwone."

Dada, hapo ndipo ningecheka na mambo yakaisha. Sikucheka. Nikasema, "Gazeti ni lile lile. Mimi nilikuwa nakusomea lile lile! Ulinitoa kwenye kigoda kwa nini?"

Mama akatafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata.

"Wewe ulikuwa unanisomea kama bili ya umeme, mwanangu. Ukifika penye utamu unashusha sauti, au unaruka. Unafikiri sikujua unaruka? Na kila ukimaliza habari unasema 'upuuzi mtupu'. Kila habari. Sasa mimi ninayeupenda, nijihesabu nani?"

Nilimtazama Rosalind, naye alikuwa amepiga magoti akiokota gazeti karatasi moja moja.

"Huyu aibu yake anaiacha mlangoni na mwavuli," Mama akasema. "Wewe unaingia nayo mpaka hapa."

Niliosha vikombe nikaondoka. Watoto wanarusha fataki, mimi nalia njia nzima, watu wakidhani ni moshi. Ningemkuta anasoma habari za Bunge ningemsamehe, kwa kuwa usomi ni wake tangu zamani na sikuwahi kuutaka. Lakini kunishinda kwa gazeti langu mwenyewe! Na sauti zile anazitoa wapi, mwanamke ambaye kwenye harusi ya Desmond alikula kuku kwa kisu na uma mpaka mfupa? Anazo, dada. Ni hodari. Nakwambia huku meno yanauma.

Usidhani sikuwaza kumwumbua. Jana nilimkuta kwa Pickersgill, ua jekundu la karatasi la kuwakumbuka askari waliokufa vitani kwenye koti, gazeti kubwa kwapani, na foleni imejaa. Bi Ogden akamsifu, "Unamsomea mzee vitu vya maana, Mungu atakulipa. Leo kuna nini?" Rosalind akanitazama. Uso ulikuwa mweupe kama unga. Neno moja tu lilitosha, nalo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Habari za kanisa," nikasema. "Wifi anapenda sana habari za kanisa."

Rosalind alipaliwa na mate, ikabidi Bwana Pickersgill amletee maji. Nami nikaweka langu mezani, ukurasa wa mbele juu, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Na langu hili, la kusoma." Bwana Ogden alikohoa. Usinisifu kwa kumfichia. Nilimfichia kwa sababu akiumbuliwa ataacha, na Mama akikosa kicheko kile atajua ni nani wa kulaumu. Wivu haukunipofusha kiasi hicho.

Tumegawana sasa. Mimi nina Jumanne, Alhamisi na Jumapili yangu. Rosalind kasogea bila ubishi, na hilo nalo linaniudhi. Siruki kitu tena, na lile neno "upuuzi" nimelimeza. Lakini leo nilijaribu sauti ya jaji, na Mama akasema kwa upole, "Si mbaya, mwanangu." Si mbaya! Najifunza bafuni, maji yakiwa wazi jirani asisikie.

Na sasa ndipo nafikia ninachokuomba. Barua zako, dada, bado nazisoma mimi. Hilo Rosalind hajalipata. Lakini ya mwisho, uliponieleza bei ya viatu vya theluji na bomba lililoganda, Mama alisinzia kabla sijageuza karatasi. Zimekuwa gazeti kubwa, barua zako. Kisha katikati kabisa ukaandika kwamba mume wa jirani yako ameonekana sana na mwalimu wa kuteleza kwenye barafu, halafu "lakini tuyaache hayo." Mama aliamka palepale. "Tuyaache kwa nini?" akaniuliza. "Hebu tazama nyuma ya karatasi." Nikatazama. Hakuna kitu.

Usiyaache, dada. Anza nayo. Nani aliwaona, wapi, na mke amesema nini, kwa maneno yake mwenyewe. Tia chumvi kidogo ikibidi, ni mbali, hakuna atakayekushtaki. Na uniambie huyo mwalimu ana sauti nene au nyembamba, nianze mazoezi mapema. Ya mume ninayo tayari.

Nisalimie shemeji Gordon, Trevor na mkewe, na Lorna na yule mdogo wa kofia ya kijani. Desmond anakusalimu, Rosalind pia, kwa sauti yake ya kawaida. Mungu awape joto ndani ya nyumba na miguu isiyoteleza.

Bahasha iandike jina langu, siyo la Mama. Rosalind siku hizi hufika kabla ya mtu wa posta.

Mdogo wako akupendaye, na mwenye wivu wake,

Glenda