Mapazia ya Nyumba ya Plastiki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Kolal
Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, saa tatu na nusu asubuhi
Jina: Emmaculate Awino Obare
Umri: miaka 52
Kazi: mkulima
Makazi: kijiji cha Kolal, nje ya Oyugis

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni mke wa kwanza wa Maurice Obare, ambaye kwetu huitwa mikayi. Mlalamishi, Risper, ni mke mwenzangu. Aliolewa kutoka Rusinga miaka kumi na moja iliyopita. Nimekuja kituoni bila kuitwa na mtu.

Kwanza andika hili, ndiyo mengine yaeleweke. Kwetu mikayi hutia mbegu kwanza, na mikayi huvuna kwanza. Mke mdogo hufuata. Hata shamba lake likiiva kabla ya langu, hungoja. Hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo, maana nyingine zote Mzee, mume wetu, alishazihamishia nyumba ya pili.

Mnamo Oktoba 2024 kikundi cha akina mama kilimjengea Risper greenhouse, ile nyumba ya plastiki. Fundi alikuwa Nicholas kutoka Homa Bay. Kilimani kwetu baridi ya usiku huchelewesha mboga, kwa hivyo ndani waliweka mapipa meusi ya maji yanayoshika joto la jua mchana na kulitoa usiku. Sola huvuta maji kisimani. Nicholas alisema humo mtu atavuna miezi yote kumi na miwili, mvua inyeshe isinyeshe. Siku aliyofundisha jinsi ya kuitunza, niliitwa. Sikwenda. Nilikaa jikoni nikichambua maharagwe niliyokuwa nimeyachambua jana yake.

Mnamo tarehe 4 Novemba, saa mbili asubuhi, Risper alikuja mlangoni kwangu na pakiti ya mbegu za nyanya. Alisema, "Mikayi, njoo utie ya kwanza." Nilimwambia Novemba si msimu, na mimi sipandi ndani ya karatasi ya plastiki. Alingoja siku tatu, kisha akapanda. Mimi nilihesabu ni dharau.

Sitaficha, nilimwonea wivu. Kufika Januari shamba langu lilikuwa mabua matupu, na yeye ana kijani mpaka darini. Wapita njia walisimama kuuliza ni ya nani. Kwa shamba langu hakuna aliyewahi kusimama, labda afunge kamba ya kiatu.

Mnamo Jumamosi tarehe 15 Februari kulikuwa na mazishi kwa jirani. Ile nyumba ina mapazia pande mbili. Risper huyakunja saa mbili asubuhi ili hewa ipite, na kuyashusha saa kumi na moja jioni. Siku hiyo aliyakunja, akaenda kusaidia kupika matangani. Nilibaki peke yangu bomani. Nyanya zilikuwa zimeiva, nyekundu, zinaonekana mpaka barabarani, na wageni kutoka Awendo na Homa Bay wangepita hapo.

Saa tatu na dakika arobaini niliyashusha mapazia yote mawili na kuyafunga kwa kamba. Nia yangu ilikuwa watu wasione. Kisha nikaenda matangani, nikipanga kurudi saa sita niyakunje.

Hapa Konstebo anayeandika amenisimamisha. Amenionya kwamba sasa ninajitaja mwenyewe, na ninayosema yanaweza kutumika dhidi yangu mahakamani. Nimemwambia nimesikia, aandike.

Saa sita nilikuwa matangani, na nilikumbuka. Nilikuwa nimeshainuka. Ndipo jirani yetu Dolphine akasema, "Risper ako na nyanya hata kiangazi hii. Huyo mama ni moto!" Mwingine akaniuliza, "Na wewe Mikayi, uko na nini?" Nikamjibu niko na wali kwa sahani. Wakacheka. Nikakaa chini, nikamaliza huo wali, nikaongeza mwingine. Jua lilikuwa kali. Sikujua litafanya nini ndani ya ile plastiki, na sikutaka kujua.

Saa kumi na moja jioni nilimsikia Risper akipiga nduru. Nilikimbia na wengine. Mashina mia tatu ya nyanya yalikuwa yamelala chini kama mboga ya sukuma iliyochemshwa. Yeye alishika kamba akasema, "Hii si mimi nilifunga." Mimi nilisimama hapo hapo nikasema, "Pole, nyar Rusinga," yaani binti wa Rusinga. Hayo ndiyo nilisema.

Watu walimtaja Nyamongo, anayeuza nyanya kutoka Kuria pale soko la Oyugis. Walisema alimwambia Risper, "Hiyo plastiki yako tutaona mwisho wake." Kweli alisema, na mimi nilikuwepo. Lakini aliyasema kwa uchungu wa biashara, hakuja kwetu. Alikamatwa jana asubuhi. Leo nikienda sokoni nimemwona mkewe, Bhoke, nje ya kituo hiki ameshika chupa ya uji. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nimekuja kuona mtu wangu. Nimeshindwa kupita.

Konstebo ameniuliza kwa nini nyanya zilizoiva zilikuwa hazijachumwa. Nimesema sijui, labda alitaka kuringa. Amenisomea maelezo ya Risper. Risper alisema ziliiva wiki mbili zilizopita na hakuchuma hata moja, kwa sababu alikuwa anangoja mikayi afungue mavuno. Alisema alimtuma Mzee aniambie. Mzee hakuniambia.

Nyamongo hana kosa. Mfungueni, mkewe yuko nje. Nimeyasema haya kwa kinywa changu, nimesomewa, na hakuna lililozidishwa.

Sahihi: E. A. Obare

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Konstebo Jeff Okelo, kwa Kiswahili, na shahidi akakubali ni sahihi. Nyamongo aliachiliwa saa tano na robo. Saa kumi alasiri nilifika eneo la tukio pamoja na shahidi na mlalamishi ili kuchukua nyanya sita kama kielelezo. Mlalamishi alikataa kuzichuma, na akanikataza nami kuzichuma, kabla shahidi hajachuma ya kwanza. Nilimweleza kwamba zimeshaharibika. Alisema anajua. Shahidi alikawia mlangoni kwa takriban dakika kumi, kisha akaingia, akachuma moja. Mlalamishi akachuma tano zilizobaki.